Shija wa Ng'ambo ya Kamanga

Shimba, fundi wa kuchomelea mageti pale Pasiansi, Mwanza, ana mdomo mpana kuliko mageti yake. Ukimsikiliza, mwizi akiona kazi ya mkono wake hupiga saluti akaenda zake. Lakini karani wa sensa alipomuuliza mama yake, Bibi Paskazia, amezaliwa wapi, bibi akajibu, "Andika kanisani." Fundi wetu akainamia kamba za viatu vyake.

Na kweli bibi hakuwa na jingine. Mama yake alifariki akimzaa huko upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, masista wakamchukua kichanga, wakamlea mjini. Ndugu? Hana. Kwenye misiba, ukoo ukiitwa mbele, yeye hubaki kitini na mkoba mapajani. Juzi alipougua akasema, "Mwanangu, hivi nitazikwa na majirani tu?" Hilo lilimchoma Shimba kuliko cheche.

Akavuka na kivuko kwenda kumtafutia mama ukoo wake. Pale Kamanga akabishana bei na bibi mmoja muuza viazi vitamu vya kuchemsha hadi bibi akamwambia, "Baba, huo mdomo wako ungevuka ziwa bila injini." Akala, akaenda parokiani. Katibu wa parokia, mama Evelina, akafungua kitabu cha ubatizo, karatasi zimekauka kama dagaa.

"Huyu hapa. Paskazia Shija, baba Machibya."

"Basi?"

"Ulitaka na picha?"

"Mama, akina Machibya Usukumani ni wengi kama sato ziwani!"

Akapanda kivuko kurudi, amenuna. Walipofika katikati ya maji ndipo akili, iliyokuwa imebaki Kamanga, ikamfikia. Shija! Masista walimwita bibi Paskazia tu, jina la nyumbani likapotea. Lakini Msukuma gani asiyejua kwamba Shija ni mtoto anayefuata mapacha?

"Mapacha!" akapiga ukelele. Abiria wakakimbilia ukingoni wakidhani mtu katumbukia. "Mama yangu ana Kulwa na Doto!"

Kivuko kilipotia nanga Mwanza, akagoma kushuka. Akamsihi mkata tiketi amkatie nyingine hukohuko ndani, akarudi nacho.

"Fundi, umesahau kofia?" Evelina akamcheka.

"Rudisha kurasa nyuma, mama! Kulwa na Doto wa Machibya!"

Wakapekua, vichwa vikigongana. Hao hapo! Pembeni mwa jina la Kulwa palichorwa msalaba: alifariki akiwa mchanga. Pembeni mwa Teodora Doto paliandikwa ndoa yake, na mume, Kashindye. Evelina akavua miwani.

"Mke wa marehemu Kashindye? Huyu si Bibi Doto anayeuza viazi pale kivukoni?"

Shimba akashika kichwa. Mama yake mkubwa, yule yule aliyebishana naye bei ya viazi!

Akakimbia hadi kivukoni, akamweleza. Bibi Doto akakaa chini pale pale. "Sisi tuliambiwa mtoto hakupona," akasema. "Kamlete."

Jumapili Bibi Paskazia akashuka Kamanga na gauni lake la Pasaka, mkono begani kwa mwanawe. Akamtazama muuza viazi: paji lile lile, mwanya ule ule wa meno. Akapiga goti mchangani, akatoa salamu ambayo maisha yake yote hakuwa na wa kumpa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Shija," akajibu Doto, machozi yakimdondokea kwenye sufuria. "Umechelewa. Viazi vimepoa."