Waya Uliopita Kwenye Bati

Mwaka 1994 chama kikuu cha ushirika kilifunga gereji yake pale Masasi, na watu kumi na tisa wakapewa barua za kupunguzwa kazini siku moja. Mmoja wao alikuwa Oliva, mzaliwa wa Lulindi, ambaye watu walimwita Mama Basil kwa jina la mwanawe wa kwanza. Aliajiriwa kama mtunza stoo ya vipuri. Lakini fundi umeme wa gereji alikuwa mzee mwenye macho mabovu, na kwa miaka sita Oliva ndiye aliyekuwa akimsomea rangi za waya. Mzee alipostaafu kazi ilibaki mikononi mwa Oliva, bila mtu yeyote kuandika popote kwamba amepandishwa cheo.

Baada ya barua ile alikaa nyumbani miezi miwili. Kisha akapanga kibanda cha mabati pale Mkomaindo, humohumo Masasi, kando ya barabara, akaweka meza, betri moja, taa ya kupimia umeme na boksi la waya alizokusanya kutoka kwenye magari mabovu. Wateja wa mwanzo walisimama mlangoni wakamuuliza fundi yuko wapi. Alizoea kujibu, "Ndiye mimi, gari lina shida gani?"

Kazi haikukosekana. Ununuzi wa korosho ulikuwa umefunguliwa kwa watu binafsi, na kila aliyekuwa na duka sasa alitaka lori. Yaliyoletwa yalikuwa malori madogo ya Kijapani, yaliyokwisha kutumika huko yalikotoka, ya dizeli. Yakifika Newala, juu kule uwandani ambako mwezi wa sita ukungu huingia hadi ndani ya nyumba, asubuhi hayawaki.

Husseni, mfanyabiashara wa Newala, alikuwa na moja la namna hiyo. Msimu wa baridi alilitumia kusambaza salfa, ule unga wa njano ambao wakulima hupulizia mikorosho. Dereva wake aliitwa Alfredi, mtu wa Chilangala, umri wake hamsini na mbili. Alikuwa ameendesha magari ya ushirika tangu ujana, na barua yake ya kupunguzwa ilitoka siku moja na ya Oliva. Kila asubuhi Alfredi alifunga kitambaa kwenye kijiti, akakichovya kwenye dizeli, akakiwasha na kukishika mbele ya mdomo wa kuvutia hewa ili injini ipate joto. Husseni alipokiona kitambaa hicho karibu na magunia ya salfa, alisema lori lipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo.

"Shikamoo, Baba Rose," Oliva alimsalimu Alfredi lilipofika.

"Marahaba, Mama Basil. Nimemwambia bosi kwamba umeme wa gari katika wilaya hizi mbili unajulikana na mtu mmoja tu. Usiniangushe."

Oliva alifungua boneti. Injini ile ilikuwa na hita plagi nne, vijiti vya chuma vinavyopasha moto ndani ya silinda kabla injini haijazungushwa. Zote zilikuwa nzima. Kilichokufa ni taima, kile kiboksi kinachoziwasha chenyewe na kuzizima chenyewe, na taima ya aina ile haikupatikana hata Mtwara. Akaamua kuweka kitufe cha mkono. Alifunga rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, karibu na injini, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri hadi kwenye rilei, na kutoka kwenye rilei hadi kwenye plagi. Kisha akatoboa bati linalotenganisha injini na kabini. Kwenye tundu hilo akapitisha waya mbili nyembamba: mmoja ulileta moto wa betri kwenye kitufe, na wa pili ulirudisha amri kwenye rilei.

"Unabonyeza, unahesabu hadi ishirini, unaachia, ndipo unapiga stata," alimwelekeza Alfredi. "Usizidishe, plagi zitaungua."

"Mimi nikihesabu nawaza mambo mengine, nitapitiliza. Salamu Maria moja itatosha?"

Oliva alicheka. Alitazama saa huku Alfredi akiisali kwa mwendo wa kawaida. Ikatoka sekunde kumi na saba.

"Inatosha."

Husseni alikuwa amekaa ndani ya kabini akipiga honi, kwa kuwa alitaka kufika Newala kabla ya swala ya alasiri. Oliva akafunga boneti. Hakukata kipande cha mpira wa kuzungushia kingo za lile tundu, wala hakuweka fyuzi kwenye waya uliotoka betri. Vyote viwili alivijua. Aliviona kama vitu vya kufanya siku lori litakaporudi.

Kwa wiki tatu lori liliwaka kila asubuhi. Wiki ya nne, siku ya Jumatatu, Alfredi alitoka Newala na magunia arobaini ya salfa. Alipofika njiapanda ya kwenda Chilangala moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi, kisha mwali. Alisimamisha gari, akaukamata waya unaowaka kwa mkono ili aung'oe, ukamganda kiganjani. Akaruka nje, akafungua kifuniko cha betri na kung'oa kichwa cha waya wake. Moto ukafa. Salfa haikuguswa.

Husseni alifika kwa baiskeli ya kuazima. Aliiangalia dashibodi iliyoungua kabla hajauangalia mkono wa Alfredi.

"Umeshikilia kitufe mpaka kikaungua."

"Bosi, kitufe nilikigusa asubuhi tu. Injini ilikuwa inawaka, natembea. Ningekibonyeza kwa nini?"

"Basi moto umetoka wapi? Kaa nyumbani, Alfredi. Nitatafuta kijana mwenye akili zake."

Kesho yake lori lilivutwa hadi Mkomaindo. Oliva alilala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, na kabla hata hajagusa kitu alikwisha kuona. Waya ulioungua ni ule wa kuleta moto kutoka kwenye betri, ambao una umeme wakati wote, kitufe kikibonyezwa au kisibonyezwe. Waya wa pili, ambao ungekuwa na kazi kama Alfredi angeshikilia kitufe, ulikuwa mzima. Rilei ilikuwa nzima. Plagi zilikuwa nzima. Pale kwenye tundu la bati, kingo zilikuwa zimeng'aa. Barabara ya Newala ilikuwa imeusugua waya kwenye bati kwa wiki tatu mpaka ngozi yake ikaisha na shaba ikagusa bati.

"Ni mzee Alfredi, sivyo?" Husseni aliuliza kutoka nje.

"Ngoja nimalize kufungua," Oliva alijibu.

Alitengeneza upya. Safari hii alikata mpira wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha kwenye tundu, akaweka fyuzi. Jumatano Husseni alikuja kulichukua lori na dereva mpya, shemeji yake aitwaye Faridi. Hakuuliza tena, naye Oliva hakusema. Alijiambia kwamba Alfredi ana mikorosho mingi, hawezi kufa njaa. Alijiambia pia kwamba mwanamke fundi akikosea mara moja, watu hawataliita kosa. Watasema walijua tangu mwanzo. Jambo hili la pili lilikuwa kweli, na ndilo lililomnyima usingizi.

Jumamosi alipanda gari la mizigo hadi Newala. Alimkuta Husseni dukani.

"Moto ule ulikuwa kosa langu," alisema, hata kabla ya kukaribishwa kiti. "Sikuweka mpira kwenye tundu, waya ukasuguliwa na bati. Alfredi hahusiki."

"Mama Basil, mbona hakuna aliyekuuliza?"

"Uliniuliza. Ni mimi ambaye sikujibu."

"Nimeshamchukua shemeji yangu. Nitamwambia nini dada yake?"

"Hilo silijui. Mimi nimekuja kusema langu."

Kutoka hapo alikwenda Chilangala. Alfredi alikuwa nyuma ya nyumba, mkono umefungwa bendeji, akisukuma magogo kwa mguu kuyaweka karibu na jiko. Mkewe alimletea Oliva kigoda. Oliva akaeleza yote, kuanzia honi hadi maneno ya Husseni.

"Uliliona lini tundu hilo?" Alfredi aliuliza.

"Jumanne."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo."

"Jumatano jioni Katekista wetu, Nathanaeli, alikuja hapa kuniuliza kama siku hizi nakunywa," alisema Alfredi. Mkewe alileta uji, Oliva akaunywa wote kwa sababu kuuacha kungekuwa vibaya zaidi, kisha akaaga.

Yaliyofuata hayakwenda kama alivyotarajia. Husseni hakumwacha, alimletea lori la pili na la tatu, akawaambia wenzake sokoni kwamba yule mama akikosea anasema mwenyewe. Mwezi wa kumi, msimu wa korosho ulipoanza, Husseni alimtuma mtu Chilangala kumwita Alfredi arudi. Alfredi alikataa. Mkono ulikuwa umepona, ila kidole cha mwisho hakikunyooka tena. Alipata kazi kwa mnunuzi mwingine, na gari lake likiharibika umeme alilipeleka Ndanda, ingawa kibanda cha Mkomaindo kilikuwa njiani.

Mwaka 1998, wakati wa mvua, taa za gari lake zilizimika zote akiwa anaingia Masasi. Alisimama mbele ya kibanda kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. Oliva alimwamkia, akaitikia. Wakati wote wa kazi alisimama nyuma yake, anatazama kila waya unapopita na kila tepu inapofungwa, akiinama pale asipoona vizuri. Mara mbili alisema, "Hapo rudia," naye Oliva akarudia.

Taa zilipowaka Alfredi alilipa, akapanda na kuwasha gari. Kisha akateremsha kioo.

"Rose ameolewa," alisema. "Yuko Lulindi, karibu na kwenu."

"Hongera, Baba Rose. Nitakwenda kumsalimia."

"Nenda," alisema Alfredi, akaingiza gia.