Mtoe Mama Kabatini

Mtaa mzima ulimwita Brashi, na jina hilo halikutoka hewani. Kwa miaka mingi hapakuwa na duka, kinyozi wala gereji pale mtaani ambayo maandishi yake ya ukutani hayakutoka mkononi mwake. Akishaandika herufi mbili tatu alikuwa anashuka kwenye ngazi, anavuka barabara, anasimama upande wa pili na kufumba jicho moja. "Bango linasomwa kwa mbali," alikuwa akisema. "Nani atakuja kubandika pua ukutani?" Halafu zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki, na kazi ikaota mbawa.

Binti yake, aliyeajiriwa kwenye duka la hayo hayo mabango ya plastiki, ndiye aliyemletea tableti ya mtumba na kalamu yake.

"Baba, siku hizi wanachora humu."

Brashi akaigeuzageuza. "Rangi iko wapi?"

"Humo humo."

"Na brashi?"

"Humo humo, baba."

"Basi na mimi niingie humo humo. Mlango uko wapi?"

Wakacheka, na tableti ingebaki kujaa vumbi juu ya redio kama si dada yake. Huyu dada ndiye aliyemlea, maana mama yao alifariki Brashi akiwa hata meno ya utotoni hayajaota. Sasa dada alikuwa na presha ya macho, na daktari hakumficha: nuru inaondoka, ikishaondoka hairudi, dawa zinaichelewesha tu. Siku aliyosikia kuna kitu cha kuchorea nyumbani kwa mdogo wake, alikuja akakaa mbele yake.

"Nichoree mama," alisema. "Nataka nimwone tena kabla giza halijaniingia."

Mama hakuacha picha hata moja. Kila mpiga picha alipopita, alisema nywele hazijasukwa, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo zikapita nyingi, mpaka wa kupigwa picha akawa hayupo. Brashi mwenyewe hakuukumbuka uso ule. Ulikuwa kichwani mwa dada peke yake, na njia ya kuutoa ilikuwa moja tu: dada aseme, yeye achore.

Wakaanza, kila Jumapili alasiri, sebuleni, pazia limefunguliwa lote. Mkono uliozoea kuvuta mstari mnyoofu kwenye ukuta wa matofali sasa ukatetemeka juu ya kioo. Kalamu iliteleza. Akitaka kope anapata ndevu.

"Pua siyo," dada alisema, ameinama mpaka karibu abusu kioo. "Hiyo ya mjomba. Ya mama ilikuwa imetulia."

"Pua inatuliaje, dada?"

"Wewe chora, usinihoji."

Mara ngapi Brashi alikata tamaa, hata usiulize. Akizima tu, dada anaanza: "Ulipokuwa unajifunza kuandika, uliharibu ukuta mzima wa choo, na nikachapwa mimi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Washa hicho kitu." Naye anawasha.

Binti, kwa nia njema, akamwingiza kwenye kundi la simu la watu wanaojifunza kuchora namna hiyo. Kila mmoja anaweka mchoro wake, wenzake wanatoa maoni. Brashi akamweka mama, hajakamilika bado. Kijana mmoja asiyemjua akaandika, "Mzee, hili bango la kinyozi gani?" na vikatuni vya kucheka vikapangana chini yake mpaka mwisho wa kioo. Loo! Mtu aliyeheshimika mtaa mzima kwa mkono wake! Aliiviringisha tableti kwenye sweta kuukuu, akaitia kabatini.

Jumapili dada akaja.

"Mama yuko wapi?"

"Kabatini."

"Anafanya nini kabatini?"

"Nitamtoa wiki ijayo."

"Mtoe mama kabatini, mwanamume mzima wewe! Macho yangu hayasubiri umalize kununa."

Lakini alinuna. Alinuna miezi, na ile miezi ndiyo ilikuwa ya thamani. Siku dada alipoingia ameshika ukuta kwa mkono, akapapasa kiti kabla ya kukaa, Brashi aliingiwa na hofu, akaenda kabatini bila kuambiwa.

Wakarudi kazini. Na alasiri moja, chai ikiwa inapoa mezani, dada aliinamia kioo. Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Huyo," alisema, na machozi yakamtoka. "Huyo ndiye. Ee mama yangu! Usimguse tena."

Brashi je? Brashi hakuutazama ule uso. Nakuambia, hakuutazama! Alikuwa anaangalia jicho la kushoto, lililokuwa dogo kuliko la kulia, na taya lililopinda kidogo, na masikioni anasikia kicheko cha wale watu wa kundi. Akajiambia dada anamtia moyo tu, na kwani anaona vizuri?

"Bado kidogo, dada. Nitamsafisha."

"Asafishwe nini? Mama alikuwa mchafu? Usimguse, nimekwambia."

Sikio la kufa halisikii dawa. Tangu siku ile alipata ari ambayo hakuwahi kuwa nayo. Alitazama kila somo la kuchora mtandaoni, akajifunza vivuli, akajifunza mwanga wa nywele. Yeye aliyekuwa akivuka barabara ili aone kazi yake, sasa aliipanua picha kwa vidole viwili mpaka unywele mmoja wa nyusi ukajaza kioo kizima. Akanyoosha taya. Akagusa mdomo, shavu, akagusa tena. Mwishowe akagundua kitufe ambacho ukikibonyeza, ukichora upande mmoja wa uso, wa pili unajichora wenyewe sawasawa, na macho ya mama yakalingana. Binti alimwambia awe anatunza nakala. Alijibu atafanya.

Akauweka mchoro kwenye kundi, na mioyo myekundu ikamiminika. Yule yule kijana akaandika, "Mzee, umetisha!" Brashi akasoma maneno hayo mara nyingi kuliko anavyokubali. Kisha akavaa shati safi, akampelekea dada.

Dada aliipeleka picha dirishani. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akatabasamu kwa adabu.

"Mzuri huyu," alisema. "Ni nani?"

Brashi alidhani anataniwa. "Dada, si mama?"

Akaitazama tena. "Basi ni macho yangu haya," alisema taratibu, akamrudishia. "Usijali, mdogo wangu. Ni macho yangu."

Hayakuwa macho yake, na wote wawili walijua. Brashi alirudi nyumbani akaanza kuchora upya, akafuta, akachora, akafuta. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Brashi alikuja na begi lake kabisa, akahamia. Siku moja dada aliomba afunguliwe pazia, na pazia lilikuwa wazi tangu asubuhi.

Baada ya hapo ndipo binti, akipekua tableti, alipomwambia, "Baba, mbona humu mmerekodiwa kila kitu? Bonyeza hapa." Na nyuso zikaanza kupita, tangu ule mstari wa kwanza uliotetemeka. Pua ya mjomba. Kope zilizokuwa ndevu. Hakuna kilichopotea! Brashi aliruka kwa furaha mpaka akagonga meza. Kisha akasimamisha kwenye uso mmoja, akasimamisha kwenye mwingine, na furaha ikamwishia. Mama alikuwamo mle. Lakini ni yupi? Aliyakumbuka maneno ya dada, kiganja chake mdomoni, hata ile chai. Uso hakuukumbuka.

Alimpelekea hivyo hivyo, akakaa kando yake.

"Nisimamishe wapi, dada?"

"Niambie unachoona."

"Jicho la kushoto dogo kidogo. Pua..." Alitafuta neno. "Pua imetulia."

"Imetuliaje?"

Brashi alijifuta machozi kwa mkono wa shati. Nyuso ziliendelea kupita, na dada akampapasa mpaka akaupata mkono wake, akaushika.

"Usinililie mimi," alisema. "Mimi nilimwona siku ile, nikashiba. Wewe ndiye ulikuwa hujawahi kumwona. Alikuja mpaka mbele yako, mdogo wangu, ukaangalia jicho."