Nilipunguza bajeti ya chakula hapa Mwanga, mama mkwe akafungasha mizigo

Wakuu, habari za humu ndani. Waha wenzangu, mwakeye.

Huu uzi nimeuandika mara kadhaa nikaufuta, nikaona watasema natunga. Situngi. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu shemeji zangu wamo humu na mmoja wao ni mzee wa kusoma kimya kimya.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda pale Mwanga, Kigoma. Mke wangu tumwite Zawadi, yeye anashona nguo nyumbani. Tuna watoto watatu, wa kwanza ni Neema, ndiyo maana naitwa Baba Neema.

Mama mkwe wangu anaishi kijijini upande wa Kasulu. Macho yalipoanza kufunga tukamleta kwetu. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, akifanyiwa operesheni ataona, ila presha yake ishuke kwanza. Kwa hiyo akawa anakaa kwetu anameza dawa, anasubiri.

Hilo halikuwa tatizo. Yule mama alinipa binti yake wakati sina hata kitanda.

Tatizo lilikuwa hela ya chakula. Nampa Zawadi mwanzo wa mwezi, ukifika katikati ananiambia imeisha. Naongeza, inaisha tena. Na hili lilianza kabla mama hajaja, msije mkamsingizia.

Nikawa najiuliza, inaenda wapi? Zawadi si mtu wa anasa. Nyama kwetu ni Jumapili, tena si kila Jumapili. Mimi kazini simu ikinywa chaji natafuta mpaka nijue nini kinainyonya. Nyumbani kwangu kunanyonywa na sijui.

Siku moja nikamuuliza, bila hasira kabisa.

"Hivi Mama Neema, hii hela inaishia wapi?"

Hakuinua hata macho kwenye cherehani.

"Inaishia tumboni. Kama unaona nakuficha kitu, chukua mwezi mmoja ununue wewe."

Alidhani nitakataa. Nikamwambia sawa, naanza mwezi ujao.

Wakuu, kama wewe ni mwanaume na hujawahi kununua chakula cha nyumba yako mwezi mzima, jaribu. Utajifunza mambo ambayo hayapo YouTube.

Cha kwanza nilichogundua, sisi tulikuwa tunanunua umaskini. Mafuta ya kupima kwa Mangi wa duka la jirani. Sukari robo. Mkaa wa kopo. Nyanya za fungu asubuhi, nyanya za fungu jioni. Kila kitu kidogo kidogo, na kila kidogo kina faida ya mtu juu yake. Nilipopiga hesabu ya mkaa wa makopo peke yake nikakaa chini.

Nikanunua gunia zima la mkaa. Mafuta nikaachana na yale ya chupa, nikachukua dumu la mawese sokoni. Mtu wa Kigoma kuishi kwa mafuta ya chupa na mawese yako mlangoni, hata sijui tulianzaje. Nadhani ni ushamba wa mjini. Na sombe, kisamvu chetu, iliyopikwa na mawese ilivyorudi mezani, watoto wakawa wanafuta sahani.

Dagaa nikawafuata mwenyewe mwaloni Katonga. Ziwa lilikuwa limefunguliwa baada ya katazo la uvuvi, mzigo upo. Pale mama mmoja muuzaji aliniona navyoshangaa akaniuliza, "Kaka, unataka wa chanja au wa mchangani?"

Nikamwambia nataka wa bei nzuri.

Akacheka. "Basi wewe ni mgeni wa mambo haya. Wa mchangani bei nzuri, ila utaosha mpaka maji yaishe. Chukua wa chanja, hawa wameanikwa juu."

Nikachukua wa chanja. Wanakaa muda mrefu na huli mchanga.

Mkate wa asubuhi nikaufuta. Badala yake viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha. Watoto walinuna siku za mwanzo, wakazoea. Sukari nikanunua ya mwezi mzima, nikamkabidhi Zawadi, nikamwambia hii ndiyo hiyo.

Mwezi ulipofika katikati, chakula kipo. Tukaenda mbele zaidi, kipo. Nikawa natembea kifua mbele hapo Mwanga kama diwani.

Zawadi akaniambia jambo moja tukiwa tunakunja nguo. "Mama siku hizi hali vizuri. Ugali anakula nusu, anasema ameshiba. Chai anakunywa bila sukari."

Nikamjibu, "Presha ile. Si walimwambia apunguze?"

Tukaendelea kukunja nguo.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wasiojua mila zetu. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Namsalimia kwa mbali, "Shikamoo mama," anaitikia "Marahaba baba," yameisha. Hatukai meza moja. Yeye anakula chumbani na watoto, mimi nakula sebuleni. Kwa hiyo nyumba ni moja, lakini anakula nini na anakulaje mimi sioni. Na yeye, na macho yale, mimi ananijua kwa sauti na kwa kikohozi.

Tuendelee.

Asubuhi moja niko kibandani nimefungua simu ya mteja, Zawadi akapiga.

"Njoo nyumbani. Mama amefungasha."

"Amefungasha nini?"

"Mizigo. Anasema leo anapanda gari la Kasulu. Nimemuuliza kuna nini, anasema amekumbuka nyumbani. Baba Neema, akiondoka huyu harudi. Na wiki ijayo ndiyo anapimwa presha, wakiridhika wampangie operesheni."

Nikafunga kibanda, mteja nikamwambia aje mchana.

Nimefika, namkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mlango wa chumba uko wazi, begi liko miguuni, kajifunga khanga mbili za safari. Zawadi amesimama ukumbini, macho mekundu.

Wakuu, nilikuwa na maneno mengi, ila niyaseme vipi? Siwezi kuingia chumbani kwa mama mkwe nikaanza kumhoji kuhusu ugali. Kumwita mshenga wetu wa zamani nayo ni safari, yupo Uvinza.

Nikafanya hivi. Nikakaa sebuleni kwenye kiti cha karibu na ule mlango, nikageukia ukuta. Nikaanza kuongea na mke wangu, kwa sauti ya kusikika.

"Mama Neema, nisaidie. Kuna mtu nimemkosea humu ndani?"

Zawadi akaelewa mchezo. "Mimi sijui, Baba Neema. Labda wapo wanaojua."

Sauti ya mama ikatoka chumbani, polepole, na yenyewe inamwambia Zawadi.

"Mwambie mwenzio hajanikosea. Mimi ndiye nimewazidi."

"Umetuzidi nini mama?"

"Mimi sioni, lakini nasikia. Nimekuja hapa kuna mkate, mkate umekwisha. Sukari nasikia unaikwangua kwenye kopo kwa kupima. Mwanaume mwenyewe ndiye anayekwenda kununua dagaa, amekunyang'anya mfuko. Katika ukoo wetu mwanaume akishika mfuko wa jikoni, maana yake mdomo mmoja umezidi. Nikatafuta huo mdomo ni wa nani. Watoto si wao."

Mwezi mzima mimi nafurahia akiba, kumbe kuna mtu amekaa gizani anasikiliza kila kinachopungua na anajihesabia yeye.

Nikamwambia Zawadi, na hapo sauti yangu haikuwa nzuri, "Mwambie mama, hela ilikuwa inaisha hata kabla hajaja. Mwambie mfuko sikukunyang'anya, tulibishana, ukaniambia nijaribu. Mwambie nilitaka tu kujua hela inaenda wapi. Yeye hakuwemo kwenye hesabu hiyo hata kidogo. Akiondoka leo, nitawaambia nini ndugu zako, kwamba mama yenu nimemshindwa kwa sukari?"

Zawadi akaanza kurudia maneno yangu. Mama akamkatiza.

"Nimesikia. Sauti yake ninayo."

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na maharage mnanunua?"

Zawadi akasema ndiyo mama, kila wiki.

"Mnanunua maharage." Alilisema kama mtu anayesikia mnanunua hewa. "Mimi nina magunia ndani kule, yanabunguliwa hakuna wa kuyala. Nilitaka kuagiza tangu nimefika. Nikasema nikimletea mkwe chakula, ataona namdharau, kwamba hawezi kulisha nyumba."

Zawadi akaanza kucheka huku analia. Mimi nikabaki naangalia ukuta.

Yaani mimi sisemi kwa heshima, yeye hasemi kwa heshima, katikati yetu tunanunua maharage sokoni na ya kwetu yanaliwa na wadudu.

Begi likafunguliwa. Siku hiyo mchana nilimwambia Zawadi apike chai yenye sukari ya kueleweka, akaipeleka chumbani, na kikombe kikarudi kitupu.

Maharage yalikuja na gari la Kasulu, na ndani ya gunia shemeji alichomeka unga wa muhogo. Sijanunua maharage tena tangu siku ile. Wakuu, katika vyote nilivyohangaika navyo, mkaa, mawese, dagaa, hakuna kilichopunguza matumizi kama hicho, na mwenye nacho alikuwa amekaa chumba cha pili kimya.

Mfuko nilimrudishia Zawadi mwezi uliofuata. Anaendesha vizuri kuliko mimi, sasa hivi ananunua kwa jumla na majirani wawili, wanagawana. Mkate tumeurudisha Jumapili.

Mama alipimwa, presha ikawa imekaa sawa, wakamfanyia jicho la kulia. Walipomfungua bandeji nilikuwa nimesimama mlangoni kwa adabu zangu. Akageuka huku na huku, akaangalia mikono yake, akamwangalia Zawadi muda mrefu. Kisha akanitupia jicho mara moja, akainamisha kichwa haraka kama ilivyo kawaida, na nikamsikia anamnong'oneza binti yake kwa Kiha.

Baadaye nikamuuliza Zawadi alisema nini.

"Amesema, kumbe Baba Neema ana mvi. Amesema nikupikie vizuri."

Jicho la kushoto bado, tunasubiri tarehe.

Nilichojifunza: kubana matumizi ni jambo zuri na inawezekana hata kwa kipato chetu hiki, nunua kwa jumla, kula vya kwenu, punguza safari za dukani. Lakini kabla hujapunguza hata kijiko kimoja cha sukari, waambie wote wanaokula hapo kwamba unapunguza na kwa nini. Usipowaambia, kila mtu atajitafutia sababu yake mwenyewe, na aliye mgeni atadhani sababu ni yeye.

Nina swali moja na nauliza kwa dhati, hasa kwa mliooa makabila yenye miiko kama yetu: mambo ya hela ya nyumba mnayafikishaje kwa wakwe wanaoishi kwenu? Kuna njia nyingine zaidi ya kuongea na ukuta?

Karibuni, nasoma kila comment.