Leo tumeifanyia Rwekubo msiba

Jamani, leo tumefanya msiba wa senta yetu ya maduka, ambayo haijafa.

Jumapili diwani wetu alisema sokoni: "Kuna watu wanasema Rwekubo imekufa. Waje waione!" Nilikuwepo. Ndivyo tunavyohutubia huku: unataja kwanza maneno ya anayekudharau, kisha unayapindua.

Redio ya Mbarara ikarusha maneno yake mawili tu: Rwekubo imekufa.

Basi asubuhi hii wenye maduka, kwa hasira, wamefunga milango yote, kama jeneza linapopita. Nikajaribu kuwaeleza kwamba diwani alikuwa akiwataja tu wanaotudharau.

"Papa, achaka masomo yako," akanijibu Mama Furaha, muuza sukari. "Kama tulishakufa, nani anauzishaka ku kilio?"

Watu wakacheka. Hata mimi (nisiwafiche) nilicheka.

Saa sita likaja lori la sukari na sabuni kutoka Mbarara. Dereva akapiga honi, akatazama ile milango, akampigia tajiri wake simu:

"Bosi, redio ilisema kweli. Hii senta imekufa kabisa. Mali napeleka senta ya Ngarama."

Mama Furaha alilikimbilia lori, funguo mkononi, akipiga kelele.

Halikusimama.

Ninyi mlioko Mbarara, niambieni: sasa nieleze nini, na kwa nani?