Wagombea Kwenye Ukuta wa Darasa la Kwanza

Gazeti lililokaa safarini siku tatu lina harufu yake, na mtu aliyekulia mjini haijui. Wino wake umeshapoa, halafu juu yake unanusa dizeli, vumbi jekundu, maganda ya machungwa na jasho la abiria waliolikalia. Hivyo ndivyo habari zilivyotufikia kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Pande, wilaya ya Kilwa, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi viruhusiwe tena. Nilikuwa darasa la tano. Barabara ya kusini ilikuwa mbaya kiasi kwamba basi la Dar likifika siku ileile lilizungumzwa wiki nzima, na mara nyingi lilikwama ng'ambo ya Rufiji likisubiri pantoni. Kondakta wa basi hilo aliwahi kufundishwa na baba yangu. Kila safari aliokota magazeti yaliyoachwa kwenye viti, akayafunga kwa kamba ya katani na kumtuma mtu amletee mwalimu wake wa zamani. Mengine yalikuja na kurasa zote. Mengine yalikuwa ukurasa wa mbele peke yake, sehemu ya ndani mtu alishafungia maandazi.

Baba alikuwa Mwalimu Hassani, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na asubuhi alifundisha darasa la kwanza. Alasiri, watoto wakishatawanyika, chumba kilekile kilikuwa cha kisomo cha watu wazima. Wanafunzi walikuwa wanawake tisa. Walikuja moja kwa moja kutoka mashambani, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa ufuta, waliingia na punje kwenye nywele na mikunjo ya khanga, chumba chote kikanukia mabua makavu. Vitabu vya kisomo vililiwa na mchwa miaka mingi nyuma, havikuletwa vingine. Ndipo baba akaanza kutumia magazeti, hasa kurasa za mbele, kwa sababu herufi zake ni kubwa na hata macho yaliyochoka na moshi wa jikoni yanaweza kuzishika.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa Bi Somoe, mjane mwenye mikorosho yake, Kiswahili chake kimejaa Kimwera, mtu asiyecheka ovyo. Alikuja kisomo kwa sababu ya barua. Mwanawe alikuwa Tanga, na kila barua yake ilipofika Bi Somoe alilazimika kumbembeleza mtu amsomee, hivyo siri za nyumba yake zikajulikana kijiji kizima kabla hajafika nazo kwake. Alisoma kwa kuweka kidole chini ya herufi, akiisukuma kila silabi kama mtu anayesukuma mtumbwi juu ya mchanga. Akikosea alirudi mwanzo wa mstari, si mwanzo wa neno. Wenzake walimsubiri.

Miezi ile magazeti yalikuwa na habari moja tu kubwa: nani ametangaza kugombea urais, nani amechukua fomu, nani anatajwa lakini bado amenyamaza. Zamani, baba alituambia, magazeti yalikuwa machache na yote yalisimulia jambo moja kwa maneno karibu yaleyale. Sasa yalikuwa mengi hata majina yake tulishindwa kuyakariri, na kila moja lilikuwa na macho yake. Mtu alitangaza nia siku moja, mahali pamoja, mbele ya watu walewale. Gazeti la kwanza likamweka ukurasa mzima, mkono juu, umati nyuma yake, na neno moja jekundu juu ya kichwa: AJITOSA. Gazeti la pili likamweka amefumba macho, mdomo wazi katikati ya neno, mtu ungemwona ukadhani anapiga chafya. Gazeti la tatu lilimtupa pembeni chini, mistari minne bila picha, kwamba naye pia ametangaza. Baba aliyatandika yote matatu sakafuni na wanawake wakayazunguka. Hakuwaambia lipi la kweli. Aliwaambia wasome kilichoandikwa, kisha watazame nani amepewa nafasi kiasi gani.

Bi Somoe ndiye aliyeanza kupima. Aliinama, akatanua kiganja juu ya picha. "Huyu kapewa shubiri mbili," alisema. Akahamia kwenye pembe ya ukurasa mwingine, akakunja kiganja. "Na huyu vidole vitatu. Kawakosea nini?" Toka siku hiyo kila mzigo wa magazeti ulipofunguliwa, kabla ya kusoma, wanawake walipima.

Kazi yangu ilikuwa kubandika. Nilipika uji mzito wa muhogo kwenye kopo, nikaupaka kwa manyoya ya kuku, na kurasa zikaenda ukutani ili darasa la kesho lizikute. Agizo la baba lilikuwa jepesi: wagombea wote wakae ukutani, mkubwa na mdogo, wa chama chochote, kwa kimo kimoja. Picha ikikosekana, nikate ile mistari minne niibandike kama picha. Kwa wiki nyingi nilifanya hivyo bila kufikiri. Kisha baba akaitwa semina ya walimu Kilwa Masoko, siku mbili, na mzigo mpya wa magazeti ukafika akiwa hayupo.

Ulikuwa mzigo wa ajabu. Kurasa tano kati ya zile zilikuwa na mtu mmoja, mgombea wa chama kimoja cha upinzani, siku aliyochukua fomu na siku zilizofuata. Moja ilikuwa ya rangi, na kwetu gazeti la rangi lilikuwa bado jambo la kumwita jirani aje aone. Mgombea alivaa suti nyeupe. Pembeni yake alisimama mkewe, gauni la buluu, ameshika mwamvuli wa rangi hiyohiyo uliofunguka kama ua. Neno lililokuwa juu yao ni AWATIKISA. Niliitazama picha ile mpaka uji wangu ukaanza kuganda. Sikujua lolote la chama chake. Nilijua tu kwamba ukuta mzima haukuwa na kitu kizuri kama kile, na kwamba mahali pazuri pa kukiweka ni katikati. Katikati palikuwa na mzee mmoja wa chama kilichokuwa madarakani, naye alikuwa ametangaza nia, picha ya rangi nyeusi na kijivu, uso umekunjamana. Nikambandika mke mwenye mwamvuli juu ya uso wa mzee yule. Zile kurasa nyingine nne nikazizungushia pande zote, na waliokuwa hapo nao nikawafunika.

Asubuhi yake Mratibu Elimu wa kata alifika na baiskeli kukagua shule. Alikuwa mtu wa umri wa baba, mpole, mwenye kawaida ya kusalimia hata watoto. Aliingia darasa la kwanza akakuta ukuta wote ni upinzani, na katikati, chini ya karatasi, sikio moja la mgombea wa chama tawala limechomoza. Hakuwauliza watoto neno. Aliandika kwenye daftari lake, akaenda kwa mwalimu mkuu, na baba aliporudi kutoka Masoko, mkoba bado begani, alikuta barua inamwita kujieleza mbele ya kamati ya shule kwa kufanya siasa darasani. Mwalimu aliyepatikana na kosa kama hilo angeweza kuachishwa kazi. Mama aliisoma barua ile mara mbili, akaiweka chini ya mkeka, akaendelea kuchambua mchicha ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Baba aliniuliza swali moja. "Zai, uliwabandika wote?" Nikasema ndiyo. Alikuwa ameshaingia darasani na kuuona ukuta, kwa hiyo alijua kwamba namdanganya, na mimi nilijua kwamba anajua. Siku tatu zilizobaki kabla ya kikao nilishindwa kula mbele yake.

Kikao kilifanyika mlemle darasani, kurasa zikiwa bado ukutani kama ushahidi. Mratibu alikaa kwenye kiti cha mwalimu, mwalimu mkuu pembeni yake, wajumbe wa kamati kwenye madawati madogo, magoti yao yamefika kifuani. Wanawake wa kisomo hawakualikwa, walisimama nje kwenye madirisha, nami katikati yao.

"Mwalimu Hassani," alisema Mratibu, "shule si jukwaa. Nani kabandika haya?"

"Darasa ni langu," baba akajibu. "Kilichomo ni changu."

Nilisikia miguu yangu inaingia ndani kabla sijaamua. Nikasimama mbele ya meza, nikawapa shikamoo, nikasema nimebandika mimi. Mratibu akaniuliza nani aliniagiza nimfunike yule mzee. Nikasema hakuna. Akaniuliza basi kwa nini. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kwa sababu ya mwamvuli. Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mratibu hakucheka. Alinitazama kwa huruma, nikaona jasho juu ya mdomo wake. "Nakuamini, mwanangu," alisema. "Lakini wakubwa wangu hawataniuliza habari za mwamvuli."

Ndipo Bi Somoe akaingia bila kuitwa. Aliomba radhi kwa wote, akamwomba Mratibu ruhusa asome. Alipiga hatua hadi ukutani, akaweka kidole chini ya lile neno kubwa juu ya picha ya mwamvuli. A-wa-ti-ki-sa. Akarudi mwanzo wa mstari, akalisoma tena, safari hii kwa mkupuo. Akaenda kwenye pembe ambako nilikuwa nimesahau kufunika kipande kidogo cha mgombea wa mistari minne, akamsoma naye, mistari yote minne, sisi tukisubiri, nzi wakizunguka juu ya kopo la uji. Ilichukua muda.

"Nilikuja hapa sijui a wala be," alisema alipomaliza. "Mwalimu hajatuambia tumchague nani. Katuambia tuwatafute wote, hata waliowekwa vichochoroni. Yule baba aliyefunikwa, siku zote hizi tunaulizana kaenda wapi. Mngemuuliza mtu yeyote wa kisomo angewaambia kwamba hapa pana kosa la mtoto."

Mratibu aliinamisha kichwa juu ya daftari lake. Baada ya kushauriana na mwalimu mkuu kwa sauti ya chini, alitoa uamuzi. Baba asingeachishwa kazi, angepewa barua ya onyo. Magazeti yote yaondolewe ukutani siku hiyohiyo, na kisomo kifungwe mpaka uchaguzi upite. Nje, wakati baba amemshikia Mratibu baiskeli ili akunje suruali yake, nilimsikia Mratibu akisema, "Mwalimu, na mimi nina watoto wanasoma." Baba akamjibu kwamba anajua. Waliagana kwa kupeana mikono, na mpaka leo sioni kwamba mmoja wao alikuwa anaigiza.

Baba hakunichapa. Alinipa ndoo ya maji na kitambaa, tukabandua pamoja. Ule uji wangu ulikuwa mzuri mno. Nilipomwondoa mke mwenye mwamvuli, uso wa mzee ulitoka naye, likabaki sikio na kipande cha shingo. Baba aliishika mkononi karatasi iliyotoka na uso ule. "Hukumpenda, si kosa," aliniambia. "Lakini naye alitangaza kama wenzake, na wewe ukamfanya kama hayupo." Nililia wakati huo, siku tatu baada ya siku niliyopaswa kulia.

Kisomo kilifungwa, ila hakuna aliyewakataza wanawake kupeta ufuta. Walikusanyika uwanjani kwa Bi Somoe, na kondakta alipoleta magazeti, mimi ndiye niliyetumwa kuyapeleka. Baba hakukanyaga pale hata mara moja, aliiheshimu ile barua ya onyo. Neno likiwashinda waliniuliza mimi. Siku ya kura, Bi Somoe alipitia kwetu akitoka kituoni, kidole kina wino. Hakusema kamchagua nani. Alimsimulia baba kwamba kwenye karatasi ya kura wote wamepangwa sawasawa, kila mmoja na picha yake, hakuna mkubwa wala mdogo, akasoma majina yote kutoka juu mpaka chini hadi msimamizi akamhimiza. Mwaka uliofuata baba alihamishiwa shule moja kwenye milima ya Umatumbi, kupita Kipatimu. Barua ya uhamisho haikutaja sababu. Kabla hatujaondoka, Bi Somoe alinionyesha barua mpya kutoka Tanga. Alinionyesha bahasha tu. Ya ndani, alisema, anayajua mwenyewe.

Sasa mimi ni muuguzi Lindi, nina watoto wakubwa, na baba alishatangulia. Daraja la Rufiji lipo, basi linaondoka Dar asubuhi, na mchana abiria wameshafika. Mtu akitangaza kugombea urais, tunamwona angali anazungumza, wagonjwa kwenye benchi wameinamia kila mmoja simu yake. Sitaki kuisifu zamani kuliko inavyostahili. Tulicheleweshewa habari, tukaletewa vipande, na mtu mwema aliogopa ukuta wa watoto wa darasa la kwanza. Ninachokikosa ni wale wanawake tisa waliouzunguka ukurasa mmoja, kila mmoja na neno lake, na mwenzake wa kumjibu.

Msimu wa fomu uliopita, binti yangu wa mwisho alinionyesha mgombea kwenye simu, picha nzuri, watu wengi, maneno makubwa. Nikamuuliza nani mwingine ametangaza. Akatelezesha kidole, akatelezesha tena, akapita picha baada ya picha za mtu yuleyule. "Simu inaniletea huyu tu, mama," akasema. Nikavuta kiti nikakaa karibu yake, tukaanza kuwatafuta wengine, mmoja mmoja, kwa majina. Wali ulipoa mezani tukiwa tumempata wa nne.