Gari Jeupe la Mpelelezi

Vinyozi wengine hubandika ukutani picha za mitindo ya nywele. Kinyozi huyu alikuwa na kabati la kioo lililojaa vigari. Si vya kuchezea watoto, la. Vilikuwa vya chuma, milango yake inafunguka, usukani unazunguka, na kila kimoja kimeigwa kutoka gari lililowahi kutamba kwenye televisheni. Palikuwa na gari la zimamoto la wale waokoaji wa kila Jumamosi, na lile jekundu lililokuwa likiruka mito kama panzi. Kwenye rafu ya juu kabisa lilikaa peke yake gari jeupe la mpelelezi mwenye koti refu, ubavu mmoja umebonyea, maana hata kwenye kipindi chenyewe lilikuwa limebonyea.

"Mkeo anajua una magari yote haya?" wateja walimtania.

"Anajua. Ndiyo maana tunatembea kwa miguu."

Wasichojua ni kwamba karibu vyote vililetwa na kaka yake, dereva wa malori ya masafa marefu. Utotoni, mama yao akifua nguo za watu uani, wao wawili walikaa sakafuni sebuleni kwa mwenye nyumba, macho kodo, wakimtazama mpelelezi. Kipindi kilipofika mwisho wake, mdogo alilia mpaka akashikwa na homa. Kaka mtu akamwambia, "Nyamaza. Nikianza kazi, lile gari nitakununulia." Akaanza kazi, akalinunua, na tangu hapo hakurudi safari mikono mitupu.

Kiharusi kilimkuta kaka huyo amepiga magoti akikagua tairi la lori. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala, na akili imekwenda kusikojulikana. Hakusema neno. Hakumjua mkewe, hakumjua mdogo wake. Akilishwa uji alitema, kisha akageukia ukuta.

"Mleteeni vitu alivyovipenda," alishauri nesi aliyekuja kumtazama. "Wakati mwingine kitu kidogo humrudisha mtu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Kesho yake kinyozi alikuja na gari la zimamoto. Akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima mwenye mvi, akaliendesha juu ya shuka huku akiliza king'ora kwa mdomo. Kaka yake alitazama dari. Akaleta jekundu, akalirusha juu ya mto wa kulalia. Hola. Siku moja alimwacha mteja kitini na ndevu za upande mmoja, akakimbia, kwa kuwa alikuwa amekumbuka muziki wa kufungulia kipindi. Aliuimba wote, sauti ikimkatika.

"Shemeji," mke wa kaka yake alimwambia mlangoni, "mwache apumzike. Na wewe umekonda."

"Nikinyamaza mimi, shemeji, nani atamwita?"

Gari jeupe hakulileta. Aliliogopa. Hilo likishindwa, angebaki na nini tena cha kutumaini? Lakini mgonjwa aliacha hata maji, na daktari akawaambia wajiandae. Ndipo kinyozi alipolishusha, akalifunga kwenye taulo safi la kazini, akaenda nalo.

Akaliweka kifuani pa kaka yake. Kisha jicho likashuka kutoka darini. Mkono wa upande uliokuwa mzima ukanyanyuka, kidole gumba kikapapasa ule ubavu uliobonyea, kikarudi, kikapapasa tena.

"Hili la mdogo wangu."

Bakuli la uji lilimponyoka shemeji mlangoni.

"Ndiyo, kaka! Ni langu! Ni mimi hapa!"

Kaka yake alimkazia macho kama mtu anayemkagua mgeni getini. "Wewe nani? Umelitoa wapi?"

"Mimi mdogo wako. Kaka, nitazame."

"Mdogo wangu mtoto. Hana mvi." Akalificha gari kwapani. "Mwizi we. Mtoto atalia."

Akageukia ukuta.

Kinyozi alitoka nje akaegemea tangi la maji, akalia kwa kwikwi. Shemeji alimfuata mbio, naye analia, lakini kwa furaha: "Amesema! Umemsikia? Amesema!" Kinyozi alitikisa kichwa tu. Amesema, ndiyo. Amewakumbuka wote wawili, yeye na gari lake, ila huyu aliyesimama mbele yake hamjui.

Alipoingia tena alikuwa na bakuli jingine la uji.

"Nimetumwa na mdogo wako," alisema. "Anasema ule. Usipokula, analia."

Kaka yake alifikiri kidogo, akafungua mdomo.

Hivyo ndivyo alivyoishi miezi iliyobaki. Kila siku kinyozi alifunga duka adhuhuri, akaja kama tarishi aliyetumwa na nafsi yake. Kila siku, kabla ya kijiko cha kwanza, alijaribu: "Kaka, ni mimi." Kila siku aliambulia jicho la mashaka, akarudia kuwa mjumbe.

"Mbona haji mwenyewe?" kaka yake alimuuliza siku moja, sauti imebaki ya kunong'ona.

"Yuko njiani."

"Mwambie asikimbie barabarani. Mimi siendi popote. Nitamngoja."

"Nitamwambia."

Akafa kabla ya juma kwisha, asubuhi, shemeji akimfuta uso. Kinyozi aliitwa, akakuta mwili bado una joto. Alimnyoa mwenyewe, taratibu, kidevu na mashavu, akiuvuta ule upande uliolala usije ukakatwa. Na muda wote huo aliendelea kumwambia, "Nimefika, kaka. Nimefika," mpaka wakaja waliokuja kumchukua.