Karatasi Chini ya Kibodi

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, niliyofika ofisini kabla ya wenzangu wote na kuwasha kompyuta hata mkoba sijauweka chini. Ilikuwa ofisi ndogo ya mawakala wa forodha hapa Lubumbashi. Kazi yetu ilikuwa kutayarisha makaratasi ya malori yanayovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, na karatasi ya kwanza ya kila lori ilikuwa fomu niliyoitengeneza mimi. Sisi tuliiita fiche. Ilikuwa na jina la dereva, namba ya gari na aina ya mzigo, na nilikuwa nimeiwekea visanduku vya kutia alama pamoja na orodha zinazofunguka ukibofya, ili mtu asijaze mzigo kwa kubahatisha. Hakuna mwingine pale aliyejua kuitengeneza. Sikufichi, nilikuwa najivuna, na nilikuwa naogopa siku atakapotokea wa pili.

Wiki hiyo mteja mpya alikuwa analeta asidi. Patron, bosi wetu, alikuwa amenipigia simu alfajiri, anataka niongeze neno asidi kwenye orodha ya mizigo, na kisanduku kimoja cha mzigo wa hatari, kabla ya saa sita mchana. Malori yalikuwa tayari njiani. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nikafungua fiche, nikatazama juu ya kioo, pale ambapo zana zangu za kutengenezea visanduku na orodha zilikuwa zinakaa miaka yote. Hazikuwepo. Nikafunga, nikafungua tena. Fiche ilikuwa mbele yangu, lakini sikuwa na chochote cha kuibadilishia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumamosi iliyotangulia, patron alikuwa amemwagiza mwenzetu Kalala atie programu mpya kwenye kompyuta zote, maana ile ya zamani ilikuwa imechoka. Kalala alikuwa wa umri wangu, mpole, hodari wa mashine, na babu yake alihamia huku kutoka mkoa wa Kasai. Alikuwa na miezi mitano tu pale, na mke wake alikuwa karibu kujifungua mtoto wao wa kwanza. Mtu mwenye akili timamu angesema: programu imebadilika, huenda zana nazo zimehamishwa mahali. Mimi sikusema hivyo. Nilisema moyoni, Kalala ameziondoa.

Mimi ni mtu wa kushuku, mwanangu, mpaka leo sijapona. Nikinunua samaki wakavu sokoni, hata muuzaji akiwa mtu wa kwetu Pweto, namgeuza kila samaki na kumnusa kichwani. Na ukishaanza kumshuku mtu, hakosi kitu cha kukuongezea. Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita Kalala aliniuliza orodha zile nazitengeneza vipi. Kumbe alikuwa ananipima! Nikakumbuka alivyoomba ufunguo kwa mlinzi ili afanye kazi peke yake siku ofisi imefungwa. Nikakumbuka nilivyomsikia kwenye simu anaongea lugha ya kwao, na katikati ya maneno nisiyoyaelewa likapita jina langu, halafu akacheka. Na juu ya yote hayo nikaweka yale niliyoyasikia utotoni sebuleni kwetu, kwamba watu wa Kasai ukiwapa kiti watataka na meza. Naona haya kukuambia, lakini maneno hayo nilikuwa nayo kichwani, na asubuhi ile niliyatumia.

Nikainua kibodi nifute vumbi, kwa hasira tu, na chini yake nikakuta karatasi iliyokunjwa. Juu yake palikuwa na jina langu, Philo, kwa mwandiko wa Kalala. Ndani kulikuwa na maneno ya Kifaransa yamepangwa kushuka chini, na mishale. Sikuyasoma. Niliona mwandiko tu, nikajua alikaa kwenye kiti changu, akagusa mashine yangu. Hiyo ilinitosha. Nikashika ile karatasi, na patron alipofika tu nikaenda nayo kwake kama mtu aliyekamata mwizi.

Patron alikuwa mtu wa haraka, naye kushuku hakukumpita mbali. Hakuisoma karatasi. Alitazama mwandiko, akanitazama mimi, akachukua simu. Kalala alikuwa Kasumbalesa tangu alfajiri, ametumwa kufuata magari kwenye foleni.

"Kalala, usirudie tena kwa bureau," patron alisema, yaani asikanyage tena ofisini. "Badge yako ya kazi upatie dereva."

Sauti ya Kalala ilitoka kwenye simu ikikatikakatika, na malori yananguruma nyuma yake. "Patron, nilifanya nini?"

"Uliza mikono yako," patron akajibu, na akakata.

Mwanangu, nilitoka pale nimeridhika. Nasema kweli. Nilijiona nimeilinda ofisi.

Mle ofisini kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, Maman Julienne, sekretari aliyeanza kazi enzi za mashine za kupiga chapa. Kompyuta aliitumia kwa kidole kimoja, na mimi nilizoea kumcheka kichinichini. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia mlangoni. Akaniita.

"Philo, ile karatasi inasema nini?"

"Inaonyesha aligusa machine yangu, Maman."

"Hapana ile njo nauliza," akasema; hilo silo alilouliza. "Inasema nini?"

Akanyoosha mkono, nikampa. Akavaa miwani, akaketi kwenye kiti changu, akaniambia nimsomee yeye abofye. Nikasoma mstari wa kwanza, Fichier, yaani faili. Akabofya. Nikasoma Options. Akatafuta, akaipata, akabofya. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupungua. Mwisho kulikuwa na neno Développeur, yaani mtengenezaji wa programu, na pembeni yake Kalala alikuwa ameandika: tia alama hapa. Maman Julienne akatia alama. Juu ya kioo pakatokea neno hilo kama mlango mpya, akaufungua, na ndani yake zana zangu zote zilikuwa zimekaa: visanduku, orodha, vitufe. Hakuna aliyeziiba. Programu mpya ilikuwa inazificha kwa wote mpaka mtu aziombe.

Chini kabisa ya karatasi palikuwa na mstari mmoja ambao sikuwa nimeufikia: "Philo, fiche yako nimeitazama, iko muzuri, usiogope."

Niliketi sakafuni. Maman Julienne hakunipandishia sauti, na ingekuwa nafuu angenifokea.

"Philo mama, ulimupeleka mutoto wa benyewe kwa patron," alisema, "na dawa yako ulikuwa nayo mu mukono. Si unajua kusoma? Miye nilisomea kwa taa ya mafuta, weye ulisoma mpaka université. Ile macho ulikuwa unaweka wapi?"

Kisha akanisimamisha, akaniambia nirudi kwa patron palepale, kabla machozi hayajanipa kisingizio.

Nilirudi. Nikamwambia yote. Patron akasema, "Philo, asubui uliniambia njo yee, ni Kalala. Sasa unaniambia hapana yee. Kesho utaniambia nini?" Hata hivyo alikuwa mtu wa haki hasira yake ikishapoa. Akasema Kalala arudi kazini, ila yeye hatampigia simu. "Weye njo ulileta ile mambo. Enda mwenyewe."

Asidi niliiongeza kwenye fiche kabla ya saa sita, na kesho yake nikapanda basi la Kasumbalesa. Njia nzima nilipanga maneno, na kila niliyoyapanga yalikuwa na kisingizio ndani yake. Nilimkuta Kalala kando ya foleni, amesimama kati ya wabadilisha pesa na madereva, shati limekunjamana kwa kulaliwa. Alikuwa ameona aibu kurudi nyumbani kumwambia mkewe. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemsema, na kwamba karatasi nimeisoma sasa, na kwamba patron anamrudisha.

Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulitafuta dakika ngapi, mbele ya kusema jina yangu?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Hata moja."

Akatikisa kichwa, polepole. "Nilikuandikia juu nilijua patron atakuuliza asidi asubui. Nilitaka usihangaike." Akatazama malori kidogo. "Philo, nakusamehe. Mungu iko anaona, nakusamehe na roho yote. Lakini kuikala tena na weye mu bureau moja, hapana. Kila siku nitakuwa najiuliza unaona nini mu mikono yangu."

Alibaki mpakani akijitafutia kazi mwenyewe, na ilimchukua muda mrefu kusimama tena. Mtoto wake alizaliwa baba hana kazi. Tukikutana mjini ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za wajukuu, tena kwa dhati. Lakini tangu siku ile hajaniachia tena kitu chochote cha mkono wake, na sijathubutu kumwomba.

Basi, mwanangu, sikuambii usimshuku mtu. Dunia hii ukifumba macho watu watakuvua viatu unatembea. Nakuambia hivi: kitu kikipotea, kitafute kitu kwanza, mtu baadaye. Ukipewa karatasi, isome mpaka mstari wa mwisho kabla hujaibeba kwenda kwa mkubwa. Na jina la mtu likikujia kichwani upesi mno, jiulize limetoka wapi, kwa kuwa huenda limetoka sebuleni mlikokulia, wala si kwenye jambo lenyewe. Kama bado unamshuku, mfuate, muulize usoni. Mimi nilikuwa na namba ya simu ya Kalala. Sikumpigia.

Mungu akubariki kazini na nyumbani. Akupe macho ya kusoma mpaka chini, na ulimi mzito pale linapokuja jina la mwenzako. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeshukiwa, kwa maana siku hiyo inamfikia kila mtu, Mungu akujalie mtu mmoja atakayekuuliza kwanza.